Aliye Njiani Hapitwi

Salamanca, Uhispania
11 Oktoba 1987

Shemeji Agneta,

Leo ni Jumapili, na nimehesabu kwa kalenda: ni miaka ishirini na mitano, mwezi mmoja na siku tisa tangu nilipopanda gari la moshi Kisumu nikiwa na sanduku la mbao na koti la kuazima. Koti bado ninalo. Mwenyewe alikufa kabla sijapata nafasi ya kulirudisha.

Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe, ndugu yangu Obiero na watoto wote sita. Goti la Baba Mdogo Oduor linaendeleaje? Mwambie nimesikia ameukata ule mti uliokuwa mbele ya nyumba ya marehemu baba, na kwamba sikubaliani naye. Mimi ni mzima, isipokuwa jambo la tumbo, ambalo si la kweli na nitalieleza.

Utashangaa kuona stempu si ya Uingereza. Nimestaafu. Kwa miaka ishirini na miwili nimekuwa mjalidi katika maktaba moja ya Leeds, nikishona migongo ya vitabu vilivyochakaa. Vingi vilikuwa vya Kihispania. Nilijua uzito wa kila kimoja, karatasi yake na gundi yake, na sikujua neno hata moja la ndani. Siku ya kuagana walinipa saa ya mezani wakaniuliza nitafanya nini sasa. Nikasema nitakwenda kujifunza kuvisoma. Walicheka. Sikusema ili wacheke.

Shule hii humfundisha mtu kwa kumzamisha, kama anavyotupwa mtoto ziwani ili aogelee. Ukiingia unatia sahihi kwamba hutasema, hutasoma wala hutaandika lugha nyingine yoyote, darasani wala nyumbani. Nimepewa chumba kwa mjane mmoja, na nakala ya ahadi yangu ameibandika ukutani jikoni. Kwa hiyo barua hii naiandikia chooni, mlango nimeutia komeo. Leo ni siku ya tatu naiandika. Mwenye nyumba ameona ninavyokawia humo, na ameanza kunichemshia maji ya mchele.

Kuhusu boma, sijasahau. Kozi inaisha tarehe kumi na nane Desemba. Mwambie Obiero nitafika kabla ya Krismasi na kuanzisha boma langu kama inavyompasa mtoto wa kwanza, naye ataanzisha lake. Nakuja.

Anagonga mlango. Naacha hapa.

Shemeji yako,
Zadock Ogola


Kombewa
14 Novemba 1987

Shemeji Zadock,

Barua yako imefika jana ikinuka sabuni, na baada ya kuisoma nikajua kwa nini.

Sisi ni wazima. Mvua fupi zimekuja vizuri na maharagwe yamechanua. Dorca wetu ameng'oka meno mawili ya mbele na hasemi tena, anapiga miluzi tu. Enos ni fundi wa magari pale Mamboleo, na amempata msichana wa Sondu, Lornah, mwenye adabu kuliko Enos. Goti la Mzee Oduor ni lile lile. Kuhusu mti, amesema: "Huyo akitaka kubishana nami, aje abishane nami usoni. Siwezi kugombana na karatasi."

Obiero anakusalimu. Haandiki. Anasema kalamu yake ilichoka mwaka 1979. Yangu haijachoka, mimi ni mwalimu wa Darasa la Tano na wino ni wa serikali. Utanisamehe kwa Kiswahili. Kijaluo chenu nakisema hata sokoni hawajui kwamba mimi ni wa Bungoma, lakini nikikiandika Obiero hucheka mpaka anashika ukuta.

Sasa umekaa mbali muda mrefu, na sijui umebaki na nini kichwani, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyoeleza darasani. Mtoto wa kwanza wa kiume hutoka kwanza kwa baba yake akaanzisha boma lake. Wa pili hufuata. Mdogo hampiti mkubwa. Wewe ni wa kwanza, hujatoka. Obiero ni wa pili, hawezi kutoka. Ndiyo maana mume wangu, mwenye miaka hamsini na miwili na mvi kifuani, bado anakaa katika simba, kile kibanda mvulana anachojengewa akibalehe, hatua kumi kutoka lango la baba yenu. Mimi niliolewa humo mwaka 1963. Nimezaa watoto sita katika nyumba ya mvulana, Shemeji. Mabati ya nyumba yetu tuliyanunua 1979, ulipoandika kwamba unakuja. Yako chini ya kitanda. Kitanda kimeinuka hata Dorca hukipanda kwa kigoda.

Basi, Krismasi. Mzee Oduor ndiye atakayekuongoza, maana baba yenu hayupo. Amekwisha kuchagua jogoo utakayeingia naye, mwekundu, mkali, amemtenga na wenzake. Shoka la kuingia nalo limenolewa. Ila kuna jambo ananiagiza nikuulize: boma halianzishwi na mwanamume peke yake. Mke yuko wapi? Anasema kama huna, mlete hata huyo wa maji ya mchele. Alicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Njoo salama.

Agneta Nabututu


Salamanca
3 Januari 1988

Shemeji Agneta,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Mpe Dorca pole ya meno. Enos na Lornah nawaombea mema.

Najua ulichokuwa ukikitafuta mlangoni mwezi mzima wa Desemba. Nilifeli mtihani, Shemeji, na aliyefeli hurudia. Nikueleze ilivyokuwa.

Kila asubuhi mwalimu wetu, Bwana Anselmo, huzunguka darasa akimuuliza kila mtu: jana ulifanya nini? Wenzangu ni vijana wa miaka ishirini, jana yao imejaa mambo. Mimi nilikula, nikasoma, nikalala. Nilijibu hivyo siku nne. Siku ya tano nikaona haya, nikasema nilikwenda kuvua samaki. Anselmo akafurahi sana. Samaki gani? Wangapi? Kwa ndoana au kwa wavu? Nani aliwapika? Niliujenga uongo ule kwa wiki tatu. Nilikuwa na mtumbwi. Nilikuwa na mwenzangu aitwaye Manolo, tukagombana juu ya wavu, tukapatana. Ndipo Anselmo akatangaza kwamba Jumamosi darasa zima litashuka mtoni kumwona Manolo.

Ilibidi Manolo afe ghafla. Darasa lilichanga maua. Kuna mtawa wa Kikorea kati yetu, Sista Lusia, alimwombea kwa siku tisa.

Tangu hapo nimeamua kufanya mambo ya kweli ili niwe na la kusema. Nimekwenda sokoni na Doña Remedios (Doña ni Bibi kwao), ndiye mwenye nyumba. Nimempakia mlango rangi. Nimekwenda naye kijijini kwao kuchinja nguruwe, nikakamata mguu wa nyuma, wa kushoto, nao ukanishinda. Asubuhi yake nilizungumza darasani dakika kumi na mbili bila kusimama. Leeds, kwa miaka ishirini na miwili, hakuna mtu aliyeniuliza jana nilifanya nini, kwa hiyo sikupata kujua kwamba sikufanya kitu.

Jambo la pili ni kengele. Anayeteleza na kusema lugha ya kwao huvishwa kengele ya mbuzi shingoni mpaka amkamate mwingine. Obiero atakumbuka kile kibao tulichovishwa shuleni kwa kusema Kijaluo. Kibao nilikivaa nikiwa na miaka tisa, kengele nimeivaa nikiwa na hamsini na saba. Nilianguka ngazini nikalia "Mama yo!" na Anselmo akasikia kutoka ghorofa ya tatu. Niliivaa Jumatatu hadi Alhamisi, maana vijana wale hawatelezi. Watu wa mtaani walinipisha njiani. Alhamisi jioni Sista Lusia, ambaye hajawahi kukosea, alinisogelea akasema neno moja la Kikorea taratibu kabisa, akainamisha shingo nimvishe.

Nitarudia hadi Machi. Pasaka nitakuwa kwenu bila kukosa. Remedios anasema Pasaka ni wakati mzuri wa kusafiri.

Nakuja.

Zadock


Kombewa
6 Februari 1988

Shemeji Zadock,

Salamu zangu ni fupi kwa kuwa watu waliosalimiwa katika barua yako ni wazima na wamekasirika.

Jogoo tumemla. Alikaa peke yake tangu Novemba, akawa mkorofi, akamdonoa mhubiri. Mzee Oduor alikula paja na kusema, "Huyu ndiye aliyepaswa kumwingiza Ogola. Sasa ameingia kwangu."

Manolo wako tulimsikitikia. Obiero aliposikia amekufa alicheka, mara yake ya kwanza tangu Krismasi. Halafu akatoka nje akakaa juu ya jiwe.

Sasa nisikilize, mimi husahihisha insha arobaini na nane kila Ijumaa na najua mtoto anapoficha kitu. Katika barua ya kwanza kulikuwa na "mjane mmoja" na "mwenye nyumba". Katika ya pili alianza kama "Doña Remedios". Alipofika mwisho wa ukurasa amekuwa "Remedios", na yeye ndiye anayepanga safari zako. Sikuulizi. Nakuonyesha tu kwamba najua kusoma.

Lakini hili nakuuliza. Baba yake Lornah alikuja kutoka Sondu wiki iliyopita kuona nyumbani kwa Enos. Tulimkaribisha. Alitazama simba yetu, akatazama boma, akamwuliza Obiero kwa upole, "Hii nyumba ya kijana ni ya huyu Enos?" Obiero akasema, "Hapana. Ni yangu." Mtu yule alimaliza chai. Lakini mshenga ametuletea ujumbe: Enos ana hadi mwisho wa Agosti. Baada ya hapo Lornah atasikiliza watu wengine. Hawezi kumwoza binti kwa mvulana ambaye hata baba yake bado ni mvulana.

Nilimwendea Mzee Oduor nikamwambia, "Mzee, turuhusu tu. Ogola yuko ng'ambo miaka yote hii, ni kama hayupo."

Akaniambia, "Mama Enos, angekuwa hayupo ningejua la kufanya. Aliyekufa tunamvuka. Aliyehamia kwingine akakaa huko tunamvuka. Lakini huyu kila mwaka anaandika 'nakuja'. Mtu anayesema anakuja yuko njiani. Aliye njiani hapitwi."

Basi Pasaka, Shemeji. Mzee ana miaka themanini na mitatu. Akiondoka yeye, sijui nani atawaongoza.

Agneta


Salamanca
20 Machi 1988

Shemeji Agneta,

Nawasalimu nyote. Hapa baridi imeanza kulegea. Korongo wamerudi juu ya minara ya makanisa na wanagonganisha midomo mchana kutwa, kama watu wanaopiga taipu. Mto umejaa. Nimepita mtihani, wa sita kati ya kumi na moja. Mwambie Enos asome sana.

Bei ya machungwa imeshuka.

Zadock


Kombewa
17 Aprili 1988

Shemeji,

Enos ana miaka ishirini na minne na ni fundi wa magari. Asome nini?

Pasaka imepita. Mvua ndefu zimeanza na simba yetu inavuja mahali saba. Nimetega ndoo, sufuria, na karai la kanisa. Juu ya kitanda hapavuji, lakini Obiero anasema ni kwa sababu ya heshima kwa mabati yaliyo chini yake.

Enos amepunguza kuja nyumbani. Alikuja Jumamosi, akasimama mlangoni, akamwambia baba yake, "Baba, kwani huyu Mzee wa barua ni nani? Mimi sijamwona. Wewe umemwona lini? Tunamngoja kama nani?" Obiero hakumkemea. Afadhali angemkemea.

Sitaki habari ya machungwa. Sitaki korongo. Nataka sentensi moja. Unaijua. Mimi siwezi kukuandikia, haitakuwa na sahihi.

Na huyo mama ni nani?

A. Nabututu


Salamanca
29 Mei 1988

Shemeji Agneta,

Nawasalimu, na mvua nimezisikia hadi huku. Umeuliza, na nitajibu kwa utaratibu.

Remedios ni mke wangu. Tulioana tarehe saba mwezi huu, kanisani kwao, saa tano asubuhi. Ana miaka hamsini na mitano, ana watoto wawili wakubwa walioko mji mwingine, ana sauti ya kuitia ng'ombe upande wa pili wa ziwa. Jioni ile baada ya nguruwe aliniuliza, "Kesho utafanya nini?" Shuleni huuliza jana tu. Sikuwa nimejiandaa.

Nikafikiri sana juu ya maneno ya Baba Mdogo. Nikasema: ikiwa kinachotakiwa ni mtoto wa kwanza kutoka na kuanzisha boma, basi nitatoka na kuanzisha, hata kama ni huku. Nyumba ya Remedios ilikuwa ya marehemu mume wake, na najua siwezi kuanzisha boma ndani ya boma la mwingine. Sijasahau yote, Shemeji. Ila shambani kwa baba yake, nje ya kijiji, kuna zizi la kondoo lililoachwa. Niliezeka upande mmoja, nikaweka mlango. Bwana Anselmo alipouliza darasani, nilieleza mpango wote tangu mwanzo hadi mwisho, akasema hii ndiyo insha bora aliyoisikia kutoka kwangu na kwamba darasa zima litakuja. Safari hii sikuwa na wa kumuua.

Tuliingia Jumamosi iliyopita alfajiri. Shoka nilishika mimi. Remedios alibeba chungu. Moto aliubeba Sista Lusia katika jiko la makaa, akitembea kama yuko kwenye maandamano ya sakramenti. Jogoo alibebwa na kijana wa Kidenmaki aitwaye Nils. Alishauriwa mara tatu asiilegeze mikono. Aliilegeza. Jogoo alivuka ukuta, akavuka barabara, akapanda kanisani, na asubuhi yote, padre akiwa anasoma misa, aliwika kutoka kwenye dirisha la kengele. Padre alisimama kila alipowika. Waumini wakaanza kuhesabu, na ilipofika mara ya tatu watu wote walimtazama mzee mmoja aliyekuwa amekaa nyuma, ambaye anaitwa Pedro, yaani Petro.

Remedios aliniuliza, "Kwenu kila mtu hupata nyumba hivi?"

Nikamwambia, "Ndiyo."

"Na jogoo hukimbia?"

"Hapana. Kwetu jogoo wana adabu."

Tulilala mle, juu ya majani makavu. Mgongo wangu bado unakumbuka.

Kwa hiyo mwambie Baba Mdogo: boma limewekwa. Nimetoka kwa baba. Obiero na amfuate sasa, na Enos ajenge simba yake. Msifikiri nimewatupa. Nitakuja tu, mambo yakitulia.

Zadock


Kombewa
26 Juni 1988

Shemeji Zadock,

Kwanza hongera. Msalimie Remedios, mwambie namwita dada. Dorca amechora picha yake akiwa amebeba chungu na kengele ya mbuzi, nimekuwekea humu.

Barua tuliisoma Jumapili mbele ya Mzee Oduor. Alikaa kwenye kiti, Obiero akakaa kwenye ngazi, Enos akasimama nje ya dirisha akijifanya anatengeneza baiskeli. Nilisoma kwa Kiswahili, nikatafsiri kwa Kijaluo pale Mzee alipoinua mkono.

Nilipofika kwa Pedro, Mzee alicheka hadi ugoro ukamtoka puani. Akasema, "Soma tena pale." Nikasoma. "Tena." Nikasoma. Alifuta macho kwa shuka lake. Akasema, "Ogola hakuwa mchekeshaji. Alikuwa mtoto wa kununa. Huyo mwanamke amemfanyia kazi."

Nikaona mambo yamekwisha. Nikamwuliza, "Basi Mzee, tuanze?"

Akasema, "Nani alimtangulia?"

Nikasema hakuna, ni yeye mwenyewe na darasa.

"Hakuna mkubwa wake hapo?"

"Mwalimu wake ana miaka thelathini na minane."

"Na jogoo alikimbia."

"Alikimbia."

"Haya. Hayo yote ningeyameza. Watu wa mbali hufanya walichoweza. Mtawa kubeba moto ni jambo zuri. Lakini soma ule mwisho."

Nikasoma: nitakuja tu, mambo yakitulia.

Akafunga macho. Akasema, "Umesikia? Boma ameweka, mke ameoa, na bado yuko njiani. Mtu wa namna gani huyu, anajenga nyumba katikati ya barabara? Mwambie simlaumu. Hata mti nimemsamehe. Nataka tu kujua nipite au ningoje, na mimi sina miaka ya kungoja."

Enos alidondosha spana huko nje.

Nilipokuja kuandika haya, Obiero alisimama nyuma yangu. Hajawahi kutazama ninapokuandikia. Nikafikiri atachukua kalamu. Hakuchukua. Alisema, "Muulize, akifa je?" Akaenda kufunga mbuzi.

Ni Juni ishirini na sita. Agosti hairudi nyuma.

Agneta


Salamanca
24 Julai 1988

Shemeji Agneta,

Hii isome kwa sauti, polepole, na unapotafsiri usipunguze makali.

Nawasalimu wote: Baba Mdogo Oduor, ndugu yangu Obiero, Enos na wadogo zake, na Dorca, ambaye picha yake iko ukutani jikoni mahali palipokuwa na ile ahadi. Remedios anaipikia barua hii chai, kama asemavyo, maana naiandika mezani siku hizi. Amekaa mbele yangu anamenya maharagwe, ananiuliza kila nikitulia nimefika wapi.

Picha hiyo nimeitazama juma zima, na nimejaribu kukumbuka mara ya kwanza nilipoandika neno "nakuja". Ilikuwa Desemba 1963, kwa baba. Nilikuwa nakuja kweli. Mwaka uliofuata nilikuwa nakuja kidogo. Baba alipofariki, 1974, niliandika kwamba nakuja, na kwa wiki nzima nilikuwa na tiketi mfukoni, nikairudisha. Sikumwambia mtu. Baada ya hapo neno lile lilikuwa limebaki adabu, kama mtu anayesema "karibu" akiwa hana chakula. Nilidhani kuandika kinyume chake ndiko kungewaumiza. Nilidhani nawaachia mlango wazi. Kumbe mlangoni nimesimama mimi, na watu wazima wanangoja nyuma yangu na mabati kichwani.

Baba Mdogo, umeuliza upite au ungoje. Pita. Mwongoze Obiero mara barua hii ikifika, kabla ya mwisho wa Agosti. Mahali pangu, pale penye mwinuko juu ya barabara, palipotengwa kwa ajili ya boma langu, ni pa Obiero sasa, na baada yake ni pa Enos. Sitaki paachwe wazi kwa jina langu. Paoteshwe kitu.

Obiero, umeuliza nikifa je. Swali ni zuri, na wewe tu ndiye ungeliuliza. Nitazikwa kijijini kwa Remedios. Nimeonyeshwa mahali. Kuna ukuta mrefu wa mawe, jua la jioni linafika. Msichange kunirudisha huko, na msimwache mtu yeyote aje na maneno kwamba ilibidi nirudishwe. Ndugu yangu, nimekukalisha katika nyumba ya mvulana miaka ishirini na mitano, na hukuniandikia tusi hata moja. Ningependa uniandikie moja. Kwa Kijaluo. Nitavaa kengele nikilisoma.

Enos, uliuliza mimi ni nani. Mimi ni kaka mkubwa wa baba yako. Alikuwa akinibebea vitabu kwenda shule kwa sababu nilimwambia ni heshima. Usimlaumu kwa kungoja. Alifundishwa kungoja na mimi, na alijifunza vizuri kuliko nilivyofundisha. Mpeleke Lornah akaone mahali pale pa juu siku Baba Mdogo atakapowaingiza.

Shemeji Agneta, uliomba sentensi moja yenye sahihi. Sikuwahi kuiandika kwa lugha yoyote, na hii si lugha ya mama yangu wala ya mama yako, labda ndiyo sababu inawezekana. Iandike pia kwenye karatasi ya peke yake, Baba Mdogo aweke kidole.

Mimi, Zadock Ogola, mtoto wa kwanza wa baba yetu, siko njiani. Sitarudi.

Zadock Ogola